Mtoto wa Pongo Nyasini si Yatima

Kandokando ya kinamasi cha Saiwa karibu na Kitale, na katika vijiji vilivyoegemea Mlima Elgon upande wa Bungoma, si ajabu mkulima anayefyeka nyasi kumkuta mtoto wa pongo amelala peke yake, kimya, macho wazi, mama haonekani. Mwenye moyo mwema humhurumia papo hapo. Humbeba hadi nyumbani, humpa maziwa ya ng'ombe kwa chupa, watoto wa boma hukusanyika kumpapasa, na majirani humsifu mwenye mji kwa utu wake. Siku chache baadaye mnyama huharisha, hulegea na kufa, na wote hubaki wakiamini kwamba walijaribu kumwokoa yatima. Nashikilia kwamba mara nyingi mnyama huyo hakuwa yatima mpaka siku aliyobebwa. Msaada wa kwanza kwa mnyama wa porini ni kusimama mbali, kutazama na kutoa taarifa. Lakini ushauri huo hautakuwa na maana ikiwa taarifa yenyewe haimfikii mtu anayeweza kuja, na hapo ndipo kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zinapodaiwa.

Tuanze na maumbile yenyewe. Katika siku zake za kwanza mtoto wa pongo hategemei mbio, hutegemea kulala tuli. Mama humficha kichakani, akaenda malishoni, akarudi mara chache kumnyonyesha na kumlamba, hata kinyesi chake akakila ili harufu isimvute chui. Mama ana mwili mkubwa na harufu inayofuatika, ilhali mtoto karibu hana harufu. Kwa hiyo kukaa kwake mbali ndiko kunakomlinda mwanawe. Nzohe, yule swala wa majimaji ambaye kwa ajili yake Hifadhi ya Taifa ya Saiwa ilitengwa mwaka 1974, naye humlaza mwanawe juu ya matete aliyoyakanyaga yakawa kitanda kikavu katikati ya maji. Sungura huwaacha watoto wake nyasini na kurudi kwa muda mfupi tu kuwanyonyesha. Hata kinda wa ndege anayerukaruka chini ya mti, manyoya yameshaota ila hawezi kuruka vizuri, kwa kawaida yuko shuleni: wazazi wake wako matawini na wanamlisha hapo hapo chini. Wala si kweli kwamba ndege humkataa kinda aliyeguswa na mtu. Aliyeanguka akiwa bado uchi anaweza kurudishwa kiotani, na mara nyingi mama ataendelea naye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi wa porini huenda yuko karibu tu, amejibanza kwenye majani, anangoja mtu aondoke.

Hakuna kiumbe anayeonyesha gharama ya kosa hili vizuri kuliko korongo taji, ndege mwenye kishungi cha dhahabu anayetembea kwa madaha katika ardhi oevu za Trans Nzoia. Tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Makinda wake huacha kiota mapema sana na kuwafuata wazazi kwa miguu, na hupita wiki nyingi kabla hawajaweza kuruka. Katika wiki hizo mtoto yeyote anayechunga ng'ombe anaweza kuwakamata kwa mikono. Wapo wanaowachukua kwa biashara, na wapo wanaowachukua kwa huruma, wakidhani wamepotea. Rwanda inatupa ushahidi wa mwisho wa njia hiyo. Kwa miaka mingi korongo walifugwa huko majumbani na hotelini kama mapambo, wengine wakiwa wamekatwa au kuvunjwa mbawa ili wasiruke. Daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na wenzake walipoanza kuwakusanya mwaka 2014, wakiwahimiza wenye nao kuwasalimisha bila kuogopa mashtaka, walipata zaidi ya ndege 200. Wengi walirudishwa porini kupitia Hifadhi ya Akagera. Waliokuwa wamelemazwa mbawa hawakuweza kurudi kamwe, na makao yao sasa ni hifadhi ndogo iliyotengenezwa kwa ajili yao mjini Kigali. Huko wanalindwa na watu, lakini anga wamenyimwa.

Atasema mtu: basi mimi sitamfunga wala kumkata mbawa, nitamlea tu mpaka apate nguvu. Tatizo ni kwamba kulea mnyama wa porini ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na waliobobea ndio wa kwanza kulikiri hilo. Daphne Sheldrick, aliyeishi na kufanya kazi katika mbuga ya Tsavo, alihangaika zaidi ya miaka 20 kabla ya kupata mchanganyiko wa maziwa ambao ndama wa tembo anaweza kuumeng'enya; mafuta ya maziwa ya ng'ombe yalikuwa yakiwaua, na jawabu likapatikana kwenye mafuta ya nazi. Hata baada ya kulipata jawabu la tumbo, alikuta kuna la moyo. Mwaka 1974 alisafiri kwa ajili ya harusi ya binti yake, akamwacha ndama aitwaye Aisha aliyekuwa amemzoea yeye peke yake. Ndama huyo akakataa kula, akafa. Tangu hapo walezi katika kituo chake hupokezana, ili mtoto wa tembo alipende kundi badala ya kumng'ang'ania mtu mmoja. Ikiwa mtu aliyezaliwa Kenya, aliyeishi na wanyama maisha yake yote na kuungwa mkono na madaktari, alilipa gharama hiyo, chupa ya maziwa katika boma la Kiminini au Chwele itafanya nini? Mara nyingi humwua mnyama kwa kuharisha, au kwa maziwa kuingia mapafuni pale anaponyweshwa kwa nguvu. Na pongo aliyekimbizwa na kushikwashikwa huweza kufa kwa hofu yenyewe, misuli na moyo vikizidiwa, ingawa hana jeraha hata moja.

Tuseme sasa ameishi. Hapo ndipo hatari ya pili inapoanza. Wakenya wengi wanaijua sifa ya Elsa, simba jike aliyelelewa na George na Joy Adamson baada ya mama yake kuuawa mwaka 1956, akarudishwa porini Meru. Sehemu isiyosimuliwa sana ni hii: Elsa alipokufa mwaka 1961, watoto wake walianza kuvamia mifugo ya wenyeji, wakalazimika kukamatwa na kuhamishiwa Serengeti. Miaka 10 baadaye, huko Kora, simba aliyeitwa Boy, ambaye alikuwa amelelewa na watu tangu utotoni, alimuua mmoja wa wafanyakazi wa Adamson, naye Adamson akampiga risasi. Wetu si simba, ni tumbili na nyani, lakini kanuni ni ile ile. Tumbili mchanga anayening'inia shingoni mwa mtoto leo atakuwa na meno makali baada ya miaka michache, hatamwogopa mtu, atang'ata mgeni na kuvamia jikoni kwa jirani. Siku hiyo wale waliomsifu mwenye mji watamjia na marungu. Mnyama asiyemwogopa binadamu amepoteza kinga yake kuu, na binadamu pia amepoteza ya kwake.

Kuna pia suala la afya, na hapa watu wa Elgon wana sababu ya kulijali kuliko wengine. Mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alifariki Nairobi kwa homa ya Marburg baada ya kutembelea pango la Kitum ndani ya Hifadhi ya Mlima Elgon. Daktari aliyemhudumia, Shem Musoke, aliambukizwa, akapona kwa taabu. Mwaka 1987 mvulana wa miaka 15 kutoka Denmark, ambaye naye alikuwa ameingia Kitum, alikufa kwa ugonjwa huo huo. Leo inajulikana kwamba popo wa matunda wanaoishi mapangoni ndio hifadhi ya kirusi hicho. Sisemi hayo ili watu wachukie popo, kwa maana popo huchavusha miti na kusambaza mbegu za misitu yetu. Nasema popo aliyeanguka chini haokotwi kwa mkono mtupu. Kichaa cha mbwa nacho hakikai kwa mbwa peke yao. Bweha, nguchiro na wanyama wengine hukipata, na mnyama wa porini anayejisogeza kwa watu mchana kweupe bila woga anaweza kuwa mgonjwa badala ya kuwa mpole. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuchanjwa.

Hayo yote hayana maana kwamba mnyama aachwe afe. Wapo walio na shida ya kweli, na dalili zake zinaonekana. Mama amelala amekufa kando yake. Kuna damu, mfupa uliovunjika, nzi na funza kwenye kidonda. Waya wa mtego umemkaza shingoni au mguuni. Ametoka kinywani mwa mbwa. Amegongwa na gari kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye na hawezi kuinuka. Au mtazamaji amekaa mbali vya kutosha, kwa saa nyingi, na hakuna mzazi aliyerudi huku mtoto akizidi kulia na kudhoofika. Hapo afanye hivi: aondoe mbwa na umati, aweke alama mahali penyewe, aandike saa, apige picha kutoka mbali, kisha awapigie Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, au awafikie askari wa hifadhi walio karibu, kama vile kwenye lango la Chorlim upande wa Endebess au pale Saiwa. Akishindwa, amwone chifu au afisa wa mifugo wa wadi. Mnyama mdogo aliye katikati ya lami anaweza kufunikwa kwa kitambaa kinene na kuwekwa kwenye katoni yenye matundu, mahali penye giza na utulivu. Asipewe maziwa, asimiminiwe maji mdomoni, asioneshwe wageni. Waya wa mtego usikatwe akaachwa akimbie na kipande kilichozama nyamani. Na kwa chui, nyati au tembo, hata awe mtoto, hakuna la kufanya ila kuondoka na kutoa taarifa, maana mama yake hatauliza nia ya mtu.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito kuliko yote, ni kwamba ukipiga simu hawaji, au wanakuja kesho yake mnyama ameshakufa. Pia watu wanaogopa sheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inamhesabu mnyama wa porini, awe hai au amekufa, kuwa nyara, na ilipotungwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni moja au kifungo kisichopungua miaka mitano kwa anayepatikana na nyara bila kibali. Mwananchi anajiuliza: nikimpeleka pongo aliyejeruhiwa kituoni, nitapokewa kama msamaria au kama mwindaji haramu? Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kuwahubiria wanavijiji. Ukali wa sheria ulikusudiwa wafanyabiashara wa pembe na ngozi. Usiwafunge mikono wanaotaka kusaidia. KWS inaweza kutangaza waziwazi, redioni na kwenye mabaraza ya machifu, kwamba anayetoa taarifa au kumsalimisha mnyama mara tu alipompata hatahesabiwa mhalifu, na anayemficha ndiye atakayeshtakiwa. Rwanda ilionyesha kwamba mlango wa kusalimisha ukifunguliwa, watu hupita.

Kuhusu kuchelewa, dawa iko karibu kuliko tunavyodhani. Ni kweli kwamba ulinzi wa wanyamapori ni kazi ya serikali ya kitaifa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika. Magavana wetu hutaja soko na machinjio wanaposoma mgawanyo huo, kifungu hiki wakakiruka. Kaunti zina madaktari na maafisa wa mifugo wanaozunguka vijijini kila siku kutibu ng'ombe. Hao wanaweza kufundishwa na KWS kumtuliza mnyama wa porini, kumfunga jeraha na kumhifadhi kwa saa 24 au 48 mpaka wenye mamlaka wafike. Si lazima lijengwe jumba la fahari. Chumba chenye giza, zizi lenye ukuta, masanduku ya kubebea, glavu nene, dawa na namba moja ya simu inayopokelewa usiku na mchana, Kitale pamoja na Bungoma, vitabadilisha mambo. Kamati za kaunti za wanyamapori zilizoundwa na sheria ile ile ya 2013 zisikutane kwa ajili ya fidia tu. Ziandikiane makubaliano ya kazi hii. Hata walezi wa kwanza wapo tayari: Kipsaina, jirani na Saiwa, wanakijiji walijipanga katika kikundi cha kulinda korongo na ardhi oevu, wakathibitisha kwamba mkulima wa mahindi anaweza kuwa mlinzi wa kiota.

Pingamizi la pili lina uchungu: binadamu bado analala njaa, nyani na tembo wanakula shamba lake, na fidia ikija inachelewa mno, kwa nini tumhangaikie pongo? Silidharau pingamizi hili. Sheria inaahidi shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na familia inayozungushwa ofisini miaka na miaka ina haki ya kukasirika. Ila tazama vizuri: kinachowatesa watu hao ndicho kinachowaua wanyama hao, yaani kukosekana kwa mtu wa kupokea taarifa na kuja haraka. Simu inayoripoti pongo mwenye waya shingoni ndiyo itakayoripoti tembo walioingia shambani Cheptais, bweha mwenye dalili za kichaa karibu na shule, na mitego iliyotegwa kwenye njia wanayopita watoto wakienda kuchota maji. Afisa aliyefunzwa kuikabili hali ya kwanza ataiweza na ya pili. Hivyo hatuchagui kati ya mtu na pongo. Tunaijenga huduma moja inayowafaa wote wawili, na mkulima aliyesikilizwa leo kwa ajili ya shamba lake hatakosa kupiga simu kesho kwa ajili ya korongo.

Wa tatu husema tuyaache maumbile yafanye kazi yake, maana porini dhaifu hufa. Ningekubaliana naye kama jeraha lingekuwa la ukucha wa chui. Mbega aliyeshindwa katika vita vya kundi lake, au pongo aliyekamatwa na chatu, si wa kuingiliwa. Na chatu naye ana haki ya kula. Lakini waya wa breki za baiskeli hauoti porini. Wala lori la miwa, mbwa wa kuwinda, moto wa kusafisha shamba na trekta linalolima mpaka ukingo wa maji si maumbile. Saiwa ina ukubwa wa kilomita tatu hivi tu za mraba, ndogo kuliko hifadhi nyingine zote za taifa nchini, imezungukwa na mahindi na chai pande zote. Mnyama aliyebanwa katika kisiwa kama hicho hana msitu wa pili wa kukimbilia, na kila nzohe jike anayekufa kwa mtego hupunguza kizazi ambacho hakina mahali pengine pa kupata nyongeza. Jeraha tulilolisababisha sisi, kulitibu ni deni letu. Na pale mnyama asipoweza kupona, kumpunguzia mateso kwa mkono wa daktari ni sehemu ya deni hilo, wala si kazi ya vijana wenye mawe.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, moja kwa mwananchi na moja kwa viongozi. Viongozi watoe namba, chumba na watu waliofunzwa, kisha watangaze msamaha kwa mwenye nia njema, kabla ya kumlaumu mwanakijiji kwa lolote. Mwananchi naye, hata kabla huduma hiyo haijafika, anaweza kuanza leo kwa jambo lisilogharimu hata senti. Wazee walisema tenda wema nenda zako, wakiwa na maana kwamba usingoje shukrani. Mbele ya mtoto wa pongo, maneno hayo yachukuliwe jinsi yalivyo: mkulima arudishe nyasi alizozifunua, amwite mbwa wake, ahamie upande wa pili wa shamba, na kipande hicho akiache bila kufyekwa kwa siku chache. Jua likikaribia kuzama na kelele za watu zikitulia, mama atatoka kwenye matete, atasimama, atanusa upepo, na akiona njia nyeupe atamwendea mwanawe kumnyonyesha. Mkulima huenda asione. Akipita kesho na nyasi zikiwa tupu, ajue kwamba msaada wake ulifika.